Maswali ya Wasomaji: Vumbi la Nyotamkia Iliyovunjika

SWALI: Mhariri, nilisoma kwamba nyotamkia iitwayo Schwassmann-Wachmann 3 ilipasuka mwaka 1995, na kwamba usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2022 Dunia ingepita katika vumbi lake, huenda watu wakashuhudia vimondo kwa maelfu. Waliokesha waliona vichache tu. Je, wanafalaki walikosea hesabu? Na wanawezaje kutabiri mvua ya vimondo miaka ishirini kabla haijafika, ilhali mvua ya kawaida hutabiriwa kwa siku chache tu?

JIBU: Hesabu ya wakati haikukosewa. Vimondo vya nyotamkia hiyo vilifika usiku uliotajwa, karibu na saa iliyotajwa, vikionekana kuchomoza katika eneo la anga lisilo mbali na nyota angavu Arcturus. Kilichopungua ni wingi wake, kwani badala ya maelfu, watazamaji waliokuwa mahali penye giza la kutosha walipata makumi machache kwa saa. Mambo haya mawili yafaa yatenganishwe tangu mwanzo. Wakati wa mvua ya vimondo hutegemea mvutano wa Jua na sayari, ambao tunaufahamu kwa usahihi mkubwa sana. Wingi wa vimondo hutegemea namna nyotamkia ilivyomwaga vumbi lake, na siku hiyo ya kumwaga hakuna chombo kilichokuwa karibu kupima.

Nyotamkia yenyewe, ambayo katika orodha rasmi huandikwa 73P, iligunduliwa mwezi Mei 1930 na Arnold Schwassmann na Arno Arthur Wachmann katika kituo cha falaki cha Hamburg, Ujerumani. Hulizunguka Jua kila baada ya miaka 5.4 hivi, na kwa muda mrefu ilikuwa hafifu kiasi kwamba ilipotea machoni pa wanafalaki hadi ilipoonekana tena mwaka 1979. Septemba 1995 darubini ya redio ya Nançay, Ufaransa, ilionyesha kuwa gesi inayotoka katika nyotamkia hiyo imeongezeka ghafla, na muda si muda ikang'aa mamia ya mara kuliko ilivyotazamiwa. Kabla ya mwaka kwisha, picha zilionyesha kwamba kiini chake kimekuwa vipande kadhaa. Iliporudi mwaka 2006 na kupita kilomita milioni 12 hivi kutoka kwetu, vipande zaidi ya 60 vilionekana, na darubini ya angani ya Spitzer, inayopokea mwanga wa infraredi, ikapiga picha ya vumbi lililotanda kutoka kipande kimoja hadi kingine katika mstari mrefu.

Mstari huo ndio shina la utabiri wote. Nyotamkia inapolikaribia Jua, barafu yake hugeuka gesi moja kwa moja, na gesi hiyo huchukua chembe za vumbi na kuziondoa kwa mwendo wa mita chache au makumi ya mita kwa sekunde. Mwendo huo ni mdogo mno ukilinganishwa na ule wa nyotamkia yenyewe, ambao kwa 73P hufikia kilomita 39 hivi kwa sekunde inapokuwa karibu zaidi na Jua. Kwa hiyo chembe haiendi zake mbali. Inaendelea katika obiti inayofanana sana na ya mama yake, isipokuwa inachukua muda mrefu kidogo au mfupi kidogo kukamilisha mzunguko. Tofauti ya siku chache katika mzunguko wa kwanza inakuwa maradufu katika wa pili, na baada ya mizunguko kadhaa vumbi lililotoka kwa safari moja limenyooka na kuwa mkondo mwembamba wenye urefu wa mamilioni ya kilomita. Kila mara nyotamkia inapolipitia Jua huacha mkondo wake, na Mshtarii, kwa mvutano wake mkubwa, huivuta mikondo hiyo huku na huko kwa kiasi tofauti kulingana na mahali kila mmoja ulipo.

Mtabiri basi hufanya kazi ifuatayo. Hutengeneza katika kompyuta maelfu ya chembe za kubuni, akaziachia kutoka kwenye nyotamkia katika kila safari iliyowahi kulikaribia Jua, kila chembe ikiwa na mwendo na mwelekeo wake. Huongeza msukumo wa nuru ya Jua, ambao ni dhaifu kwa chembe kubwa na wenye nguvu kwa chembe ndogo. Kisha hupiga hesabu ya mvutano wa Jua na sayari zote, hatua kwa hatua, mpaka mwaka unaotakiwa. Mwishoni huuliza swali moja tu: chembe zipi zinakatiza bamba la obiti ya Dunia (yaani tambarare ambamo Dunia hulizunguka Jua), wapi, na je, Dunia itakuwa papo hapo wakati huo? Msomaji anayelinganisha na mvua ya mawingu asisahau kwamba angani hakuna upepo wala unyevu wa kuvuruga hesabu, ndiyo maana miaka ishirini si muda wa kutisha.

Usahihi wake ulithibitishwa na mvua ya Leonidi ya mwaka 1999, inayotokana na nyotamkia Tempel-Tuttle. David Asher na Robert McNaught walitangaza kwamba Dunia ingekatiza mkondo uliomwagwa mwaka 1899, na kwamba kilele kingekuwa tarehe 18 Novemba saa 02:08 kwa majira ya kimataifa. Kilele kilionekana saa 02:02 hivi, vimondo vikikadiriwa kufikia 3,700 kwa saa. Dunia huenda kilomita 30 kwa sekunde, hivyo dakika sita ni sawa na kilomita 10,800: kosa lao la kukadiria mahali mkondo ulipo, baada ya vumbi kusafiri miaka mia moja, lilikuwa dogo kuliko kipenyo cha Dunia. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya falaki ya karne iliyopita, ingawa halitajwi mara nyingi. Lilipendeza zaidi kwa sababu mwaka 1899 wenyewe Leonidi ziliwaaibisha wanafalaki mbele ya umma uliokesha bure, kwani Mshtarii na Zohali zilikuwa zimeusogeza mkondo wa vumbi kutoka njia ya Dunia.

Sasa turudi kwenye 73P. Mwaka 2001 Hartwig Lüthen, Rainer Arlt na Michael Jäger walionyesha kwamba vumbi la mpasuko wa 1995 lingeikaribia Dunia mwishoni mwa Mei 2022, na wengine waliorudia hesabu walipata tarehe ileile. Lakini palikuwa na tatizo moja la kijiometri ambalo taarifa nyingi za habari zililiruka. Nyotamkia yenyewe ilitarajiwa kuwa karibu zaidi na Jua tarehe 25 Agosti 2022, na ingekatiza njia ya Dunia siku chache kabla ya hapo. Dunia ilipofika kwenye makutano hayo tarehe 31 Mei, vipande vikuu vilikuwa bado nyuma kwa zaidi ya miezi miwili. Ili chembe ikutane nasi, ilipaswa kuwa imemtangulia mama yake kwa muda huo wote, na ilikuwa na mizunguko mitano tu ya kujenga tofauti hiyo, yaani iwahi kwa wiki mbili hivi katika kila mzunguko.

Hapo ndipo pagumu. Msukumo wa nuru ya Jua hupunguza kidogo nguvu ya mvutano inayoihisi chembe, na matokeo yake ni kurefusha mzunguko wake. Kwa maneno mengine, vumbi laini kwa kawaida huchelewa, haliwahi. Chembe itakayotangulia lazima iwe imerushwa kinyume cha mwelekeo wa safari, na kwa nguvu. Ukipiga hesabu kwa kalamu na karatasi utapata kwamba hata kipande kikubwa, ambacho nuru haikisumbui, kilihitaji kurushwa kwa mita 15 hadi 20 kwa sekunde, na kwamba kadiri chembe ilivyo ndogo ndivyo inavyohitaji zaidi. Kama mpasuko wa 1995 ulikuwa wa polepole, vipande vikiachana kwa upole, basi usiku ule kusingeonekana chochote. Kama ulikuwa wa nguvu, tungeweza kupata tufani ya vimondo, yaani maelfu kwa saa. Watabiri waangalifu walisema hivyo waziwazi kabla ya tukio: huenda pasiwe na kitu kabisa, huenda pakawa na tufani. Magazeti, kama ilivyo desturi yake, yalichapisha nusu ya pili ya sentensi hiyo.

Matokeo yakaangukia katikati. Quanzhi Ye na Jérémie Vaubaillon, walipolinganisha hesabu zao na yale yaliyoonekana, walihitimisha kwamba vumbi lililotufikia lilikuwa limerushwa kwa mwendo mara nne au tano ya ule unaotazamiwa kwa gesi ya kawaida ya nyotamkia. Kwa hiyo mvua iliyoitwa hafifu ndiyo iliyotupatia kipimo cha nguvu ya mpasuko uliotokea miaka 27 kabla yake, kipimo ambacho hakikuweza kupatikana kwa darubini.

Jambo jingine lililofanya watazamaji wanung'unike ni mwendo. Vumbi la 73P huifuata Dunia kwa nyuma, likaingia katika angahewa kwa kilomita 16 hivi kwa sekunde, ilhali Leonidi hutukabili uso kwa uso kwa kilomita 71. Nishati huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, na kwa hiyo chembe ya Leonidi yenye uzito uleule hubeba nishati mara ishirini hivi zaidi. Chembe ambayo mwezi Novemba ingechora mstari mkali angani, mwezi Mei ilipita bila kuonekana kwa macho.

SWALI: Je, ni kweli kwamba kuna nyotamkia iliyopotea kabisa kisha "ikarudi" ikiwa mvua ya vimondo?

JIBU: Ni kweli, ukiondoa ushairi ulio katika neno hilo. Nyotamkia hiyo ni Biela, iliyopewa jina la Wilhelm von Biela aliyeiona mwaka 1826 na kutambua kwamba hurudi kila baada ya miaka 6.6 hivi. Katika safari ya 1845 hadi 1846 ilionekana kugawanyika mara mbili, kila kipande kikiwa na mkia wake. Mwaka 1852 vipande hivyo vilirudi vikiwa vimeachana zaidi, umbali wa kilomita milioni mbili na zaidi. Baada ya hapo havikuonekana tena hata mara moja, ingawa vilitafutwa kwa bidii.

Mwaka 1867 Edmund Weiss na Heinrich d'Arrest walionyesha kwamba obiti ya Biela hukaribiana sana na njia ya Dunia, na kwamba vimondo viitwavyo Andromedidi, vilivyokuwa vikionekana mara kwa mara miaka ya nyuma, vinaafikiana nayo. Weiss alitazamia mvua mwishoni mwa Novemba 1872, nayo ikaja usiku wa tarehe 27, vimondo vikihesabiwa kwa maelfu kila saa katika sehemu nyingi za Ulaya. Tarehe 27 Novemba 1885 ikaja nyingine kubwa zaidi, ambayo makadirio yake yanafikia vimondo 75,000 kwa saa.

Msomaji wa jibu lililotangulia aangalie tofauti. Kama Biela ingalikuwapo mwaka 1872, ingekuwa imeshapita kwenye makutano ya njia mbili wiki kumi na mbili hivi kabla ya Dunia kufika. Sisi tulipita nyuma yake, yaani upande ule ambao vumbi lililochelewa hujazana kwa msaada wa nuru ya Jua. Mwaka 2022 tulipita mbele ya 73P, upande ambao vumbi huufikia kwa shida. Nyotamkia mbili zilizovunjika, zote zikiwa na vumbi la kutosha, zinaweza kutoa mvua zisizolingana hata kidogo kwa sababu ya upande tu. Kasi nayo haikuwa kisingizio, maana Andromedidi ni miongoni mwa vimondo vya polepole sana, na bado zilijaza anga.

Kuna kisa kimoja cha pembeni ambacho siwezi kukiacha. Baada ya mvua ya 1872, Ernst Klinkerfues wa Göttingen alituma telegramu kwa Norman Pogson huko Madras, India, akimwambia kwamba Biela imeigusa Dunia na kwamba aitafute upande wa pili wa anga, kule ambako vimondo vilikuwa vikielekea. Pogson alitazama, na siku chache baadaye kweli akaona kitu kinachofanana na nyotamkia! Hesabu zilionyesha baadaye kwamba hakikuwa Biela. Ilikuwa sadfa tupu.

Mkondo mkuu wa Biela ulisogezwa na Mshtarii, na Andromedidi zikafifia mno katika karne ya ishirini. Hata hivyo hazikwisha: mapema Desemba 2011 rada ya Kanada inayofuatilia vimondo ilinasa ongezeko la ghafla, na hesabu zikaonyesha kwamba vumbi lake lilitoka katika nyotamkia hiyo karibu mwaka 1649, karibu karne mbili kabla haijavunjika.

SWALI: Je, mvua za kila mwaka nazo hutoka kwa nyotamkia zilizovunjika?

JIBU: Baadhi. Perseidi za Agosti hutokana na Swift-Tuttle, nyotamkia nzima, kama Giovanni Schiaparelli alivyoonyesha mwaka 1866. Kwa upande mwingine, Kwadrantidi za Januari zimehusishwa na gimba 2003 EH1, lisilo na mkia, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba gimba hilo ni mabaki ya nyotamkia iliyovunjika karne chache zilizopita. Tauridi za Novemba, pamoja na nyotamkia Encke, hudhaniwa kuwa masalia ya gimba kubwa lililosambaratika maelfu ya miaka iliyopita. Vumbi lake limekwisha kutawanyika mno hata hakuna mkondo mwembamba uliobaki, na Dunia huchukua wiki kadhaa kulivuka.

SWALI: Taarifa husema "vimondo 100 kwa saa", nami sijawahi kuona hata thelathini. Je, tunadanganywa?

JIBU: Hamdanganywi, ila namba hiyo si hesabu ya mtu aliyekaa nje. Ni kiwango cha kulinganishia, kinachochukulia kwamba kitovu cha mvua, yaani nukta ambayo vimondo vinaonekana kuchomoza, kiko juu ya utosi kabisa, na kwamba anga ni jeusi kiasi cha kuonyesha nyota za mng'ao wa daraja la 6.5, ambazo ni hafifu kuliko nyota yoyote utakayoiona karibu na taa za mji.

Tufanye mfano mmoja. Utabiri unasema 100, na kitovu kiko nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Sini ya nyuzi 30 ni nusu, hivyo hamsini zimekwisha kuondoka. Anga lako linaonyesha nyota hadi daraja la 5.5 tu, yaani pungufu kwa daraja moja. Kwa mvua ambayo vimondo vyake huongezeka mara 2.5 kila unaposhuka daraja moja la mng'ao, unagawanya tena kwa 2.5 na kubaki na 20. Nyumba au mti ukikufunika sehemu ya anga, utapata 15. Ukishuka kitandani ukiwa umechelewa kwa saa moja, na mvua yenyewe inatokana na mkondo mwembamba wa vumbi la safari moja, Dunia itakuwa imeshasogea kilomita 108,000, na mkondo huenda umeachwa nyuma.

Kwa sababu hiyo, katika kila utabiri tafuta kwanza mambo mawili: saa ya kilele kwa majira ya kimataifa, na urefu wa kitovu juu ya upeo wa macho mahali ulipo saa hiyo. Kitovu kikiwa chini ya upeo, hata tufani haitakufaa kitu. Namba ya vimondo ije ya tatu, na ukikuta mtabiri ameandika kiwango cha chini na cha juu vinavyoachana sana, mwamini zaidi kuliko yule aliyeandika namba moja.

SWALI: Je, vumbi hili linaweza kutudhuru?

JIBU: Walio ardhini, hapana, chembe hizi ni ndogo, nyingi kama punje za mchanga, na huteketea makumi ya kilomita juu yetu. Wenye wasiwasi wa haki ni waendeshaji wa setilaiti. Agosti 1993, usiku wa Perseidi, setilaiti Olympus ya Shirika la Anga la Ulaya ilipoteza udhibiti wake, na inadhaniwa kwamba iligongwa na chembe. Fueli iliyotumika katika juhudi za kuirejesha ilikuwa nyingi kiasi kwamba kazi yake ikakomeshwa. Chembe ya kilomita 16 kwa sekunde si tishio kama ile ya kilomita 59 za Perseidi, lakini ikiwa nyingi zinakuja kwa pamoja, mwendeshaji anataka kujua dakika ya kugeuza paneli za umeme wa jua ili ubavu mwembamba ndio uelekee mkondo, na dakika ya kuzirudisha.